Kuhusu Bwana Afya na Mguu wa Baba

Nyumba za Idara ya Maji,
Nyuma ya Tangi Kuu.

Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Sahani,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wote wa nyumbani kwako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi kilichokusumbua kipindi cha baridi kimekuachia. Unavaa sweta, au bado unajifanya kijana? Wifi yangu hajambo? Na yule binti yenu, bado anawang'oa wanasesere wake vichwa? Mwambieni shangazi yake anamsalimu na anauliza vichwa vyote hivyo anavipeleka wapi.

Sisi huku tupo. Siwezi kuandika kwamba hatujambo, maana ungejua mara moja kwamba naandika kwa mazoea. Baba analala kidogo na anakula kidogo. Kidonda kinafunga vizuri, na daktari aliyekuja kukiangalia juzi aliondoka ameridhika. Mimi ni mzima wa afya, ila uchovu umeniingia mpaka kwenye mifupa.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu zangu huzipokei tangu siku ile ya kikao cha familia. Sikugombezi, hasira ni zako na una haki nazo. Lakini hata ungepokea, simu nyumbani humu haina siri. Ikilia tu, Baba mdogo anaifungulia sauti na kuiweka katikati ya meza, na kila mwenye masikio anajipakulia. Ninalotaka kukuambia si la mezani. Barua hii anakuletea fundi wa pampu ninayefanya naye kazi, anakuja huko kuchukua vipuri. Nimemwambia akupe mkononi mwako na asimwachie mtu mwingine hata akipigiwa magoti.

Ni habari ya mbwa, na ya mguu wa Baba.

Ulipotutembelea mara ya mwisho mbwa huyu alikuwa bado mdogo, na ni wewe uliyemwita Bwana Afya, kwa sababu hakukuwa na sufuria jikoni ambayo hakuikagua. Siku ya kikao ulisema kwenye simu, mbele ya watu wote, kwamba mbwa huyo akiwepo utakapokuja hutaingia ndani ya nyumba hii, na kwamba tumwondoe. Baba mdogo alilipokea neno hilo kama amri ya mtoto wa kiume wa pekee. Ameshaongea na daktari wa mifugo, na mwisho wa mwezi huu atakuja kumchoma sindano. Nilipojaribu kumwombea nikaambiwa nampenda mbwa kuliko baba yangu mzazi.

Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujasema neno jingine kuhusu jambo hili.

Uliyoambiwa ni haya: Baba alipanda mlimani peke yake na mbwa, mbwa akatoroka kufukuza paa, Baba akamfuata, akateleza na kuvunjika mguu, mvua ikamnyeshea usiku kucha, na mwishowe mguu ukakatwa. Yote hayo ni kweli. Hakuna aliyekudanganya. Ila kuna kipande kimeachwa nje, na bila hicho utakuwa umemhukumu asiyehusika.

Unaikumbuka mitihani ya Baba wakati wa kula. Anatua kijiko, anatutazama mmoja mmoja. "Umepotea mlimani. Cha kwanza?" Nami najibu kwamba nakaa chini na kutulia, nisikimbie hovyo. "Cha pili?" Natafuta pa kujikinga na mvua na upepo kabla sijalowa. "Cha tatu?" Moto. Halafu maji, na chakula mwisho kabisa. Wewe ulikuwa unadakia, mdomo umejaa, kwamba wewe ungeanza na chakula, ndiyo maana mpaka leo una mke na mtoto na bado unaitwa Sahani. Baba alicheka lakini alama hakukupa. Alisema waliokufa kule juu tangu aanze kazi hakuna hata mmoja aliyekufa kwa njaa. Walilowa, upepo ukawapiga, wakazimika na mkate mfukoni.

Zaidi ya hayo alikuwa na sheria mbili ambazo hazikujadiliwa. Ya kwanza, usiliache bomba. Bomba linatoka kwenye chanzo kule msituni hadi kwenye tangi hili lililo nyuma ya nyumba yetu, na ukiwa nalo mkononi hujapotea, hata ukungu ukishuka usione viatu vyako mwenyewe. Ya pili, kitakachokuokoa kibebe mwilini mwako. Usimpe mwenzako, usimpakie punda, usikiache kambini. Ndiyo maana kile kikopo cha viberiti kilining'inia shingoni mwake miaka yote ya kazi, kazini na nyumbani, mpaka kikamwachia alama kifuani. Marehemu Mama alikuwa akisema ameolewa uke wenza na kopo.

Alipostaafu nami nikapewa kazi yake ya kulinda bomba, alinifundisha pia namna ya kwenda na mbwa. Kwenye mteremko na kwenye vivuko mbwa awe kwenye kamba, na kamba uishike, usijifunge kiunoni, asije akakuvuta mkaanguka wote. Mbwa apewe maji kabla hajaanza kuyatafuta, maana akiona kiu atakunywa popote. Kila mnapopumzika kagua nyayo zake, kati ya vidole, kabla ya kukagua zako. Usiku alale upande wako unaopata baridi. Na akikimbia usimfuate. Baba alirudia hilo mara nyingi mno. Kaa ulipo, au kama huna budi kuondoka, vua kitu ulichokivaa ukiache pale pale. Mbwa atarudi kwa pua yake. Wewe huna pua hiyo, kwa hiyo ukimfuata mtakuwa wawili mliopotea, na mmoja tu atakayejua njia ya kurudi.

Nataka ulishike hilo la mwisho, kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi. Mtu aliyefundisha hivyo maisha yake yote, kwa nini amfuate mbwa?

Sasa nije kwenye zawadi yako.

Ule mkoba wa mbwa uliotutumia, wa kubebea vitu mgongoni mwake, ulipofika, Baba aliufungua kwa uangalifu mpaka karatasi yake akaikunja akaihifadhi. Hukumwona, na kwenye simu hakuwa mtu wa kusema mengi, kwa hiyo nikueleze. Alimvalisha Bwana Afya pale pale sebuleni, akafunga vile vifungo na kuvifungua, akisikiliza vinavyolia. Akampeleka kwa fundi cherehani jirani yetu akaone mshono. Akampeleka kwa kinyozi. Hata watu waliokuja dirishani kulalamika kuhusu bili za maji walionyeshwa mkoba kwanza. "Kijana wangu ameutuma toka kule aliko. Ona, una mfuko mdogo wa viberiti, hauingizi maji." Mbwa naye akawa anatembea kifua mbele, kama mtu aliyepandishwa cheo. Nilicheka sana siku zile. Nilidhani ni furaha ya mzee tu, itapita.

Wiki ile nilikuwa nimeitwa makao makuu kwenye kikao cha valvu mpya. Huku nyuma mvua ikanyesha mlimani, mabomba ya mjini yakaanza kutoa maji ya tope. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, kusafisha chujio pale kwenye chanzo, na ingeweza kunisubiri. Lakini unamjua Baba. Amestaafu kwenye makaratasi tu. Watu walipoanza kuja na ndoo zao kumwonyesha tope, hakuweza kukaa.

Kabla ya kuondoka alifanya jambo lililomwokoa. Alipita kwa fundi cherehani akamwambia anafuata njia ipi, na kwamba asipomwona kesho yake kabla ya jua la mchana anitafute mimi. Hilo hajawahi kulisahau maishani. Halafu akamvalisha mbwa mkoba, akafunga mlango, akaenda.

Nilirudi kesho yake asubuhi nikamkuta fundi cherehani amekaa kwenye ngazi zetu, sindano bado imechomekwa kwenye kola ya gauni lake. Hakunisalimia. Aliniambia tu, "Mzee hajarudi, na huko juu imenyesha usiku mzima." Sikuvua hata viatu vya safari. Nilimchukua fundi wa pampu tukapanda.

Tulipofika kwenye chemba ya katikati nililala kifudifudi nikaweka sikio kwenye bomba. Unajua sisi watu wa bomba tunavyoitana. Chuma kinabeba mlio mbali kuliko sauti ya mtu. Kwanza nilisikia maji tu. Nikaziba sikio la pili, nikabana pumzi. Ndipo nikasikia, kwa mbali sana, mara tatu, kimya, mara tatu tena. Nilipiga spana kwenye chuma kwa nguvu zangu zote. Na huko juu mlio ukaongezeka kasi, hauhesabiki, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe. Nililia, Sahani. Fundi wa pampu alijifanya anakaza kamba za viatu.

Tulimkuta juu kidogo ya kile kivuko cha gogo. Alikuwa ameegemea nguzo ya zege inayoshikilia bomba, upande usiopata upepo, jiwe mkononi. Chini yake alikuwa ametandika majani makavu aliyoyachimbua chini ya gogo, na koti lake alikuwa amelijaza majani mengine mpaka akaonekana mnene. Mguu sitauelezea. Mbwa alikuwa amelala juu yake, kuanzia tumboni mpaka kifuani, na hakuinuka hata alipotuona, alipiga mkia tu. Baba alinitazama kwa muda kabla hajanitambua. Kisha akasema, "Umechelewa. Na maji bado machafu."

Daktari alituambia baadaye kwamba joto la yule mnyama ndilo lililomfikisha Baba asubuhi. Alisema bila hilo tungeteremka na maiti. Hakulisema kwa kumpamba mbwa, alilisema akiwa anaandika. Kwenye kikao nililieleza, lakini wakati huo wote mlikuwa mnapiga kelele na sidhani kama lilikufikia.

Mguu haukupona. Mfupa ulikuwa umetoka nje, na kidonda kilikuwa kimelala kwenye tope na mvua. Waliukata chini ya goti.

Pale mlimani niliona kwamba mbwa hana mkoba. Niliona, ila sikuuliza. Ukiuona mguu kama ule huulizi mkoba. Niliona pia kwamba Baba hana turubai, hana blanketi, hana dalili ya moto hata chembe, na shingoni hana kopo. Yote hayo yalipita machoni pangu bila kuingia kichwani.

Halafu ikaja siku ya kikao. Kabla hujakasirika, ulimuuliza Baba kama ule mkoba ulimfaa. Unakumbuka alivyokujibu? "Sana, mwanangu. Huo ndio ulioniokoa." Nilisikia pumzi ulizoshusha. Mimi nilikuwa nimekaa karibu yake na nilijua si kweli, nikadhani ni dawa zinamchanganya. Kisha wakaanza kusimulia habari za paa na mbwa kutoroka, hasira ikapata mtu wa kubebeshwa. Baba alisema tu, "Nilimfuata mbwa," akafumba macho.

Zamu yangu ya kukagua bomba ilipofika nilipanda tena. Chini ya kivuko, nje ya njia, niliona rangi ya machungwa kwenye vichaka vya miiba. Mkoba wako ulikuwa umenasa hapo, mkanda mmoja umetafunwa ukakatika. Bwana Afya alijitafuna akajinasua ili arudi. Niliufungua. Turubai lilikuwemo. Blanketi lilikuwemo, limekunjwa vizuri kama anavyokunja yeye. Kisu, mkate uliogeuka uji, na katika ule mfuko mdogo usioingiza maji, kikopo cha viberiti. Nilikitikisa kikalia. Njiti zilikuwa kavu kabisa.

Nilikaa chini palepale, na si kwa kufuata sheria.

Nilipofika nyumbani sikusema kitu mpaka muda wa kubadilisha bendeji, nikafunga mlango. Nikamwambia Baba nimeuona mkoba na nimeona kilichomo. Halafu akanisimulia, polepole, kama mtu anayetoa taarifa kazini.

Walipofika kwenye gogo, mbwa alikuwa amepanuka kwa mkoba ule, huku na huku. Baba aliona kwamba wakivuka pamoja kwenye kamba mkoba utagonga tawi na kuwaangusha wote, kwa hiyo kwa mara ya kwanza aliachia kamba. Mbwa akavuka salama. Ng'ambo ya pili paa akatoka kichakani, na mbwa huyo akaenda.

"Nilikuwa nimesimama kwenye bomba," akaniambia. "Mkono wangu uko juu yake hivi. Nilijua atarudi, hata wasiwasi sikuwa nao."

"Sasa ulienda kutafuta nini, Baba?"

"Mkoba. Nilisikia unakwaruza kwenye miiba. Nikawaza, kijana ameutuma toka kule, akiniuliza uko wapi nitamwambia nini? Nikasema nichungulie tu hapo chini, hatua chache."

Hatua chache hizo ndizo zilizomvunja mguu. Akajikokota kwa viwiko mpaka kwenye bomba, jioni ikaingia, mvua ikaanza, na kila kitu ambacho kingemkinga kilikuwa kinaning'inia kichakani, karibu kiasi kwamba angeweza kukirushia jiwe. Mbwa alirudi kabla ya giza, mtupu, akamlalia.

Nikamwambia, basi tuwaeleze watu, mbwa hana kosa. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Ukisema, atajua ni zawadi yake. Yuko mbali, peke yake na mawazo yake, nani atamtoa humo? Mbwa haelewi analaumiwa nini. Acheni alaumiwe mbwa."

"Watamuua, Baba."

"Nimesikia wakipanga."

Akageukia ukutani. Nilimwahidi sitakuambia. Leo nimeivunja ahadi hiyo na nitaibeba mwenyewe, kwa sababu nimeshindwa kukaa kimya na kuona yanayoendelea humu ndani.

Bwana Afya amefungwa mnyororo kwenye stoo ya mabomba, kwa agizo la Baba mdogo, na haruhusiwi kukanyaga sebuleni. Kitanda cha Baba kiko karibu na dirisha linalotazama stoo. Anataka dirisha liwe wazi hata baridi ikiwa kali, anasema dawa zinamletea joto. Mbwa akianza kulia, Baba anakohoa kwa sauti ili tusisikie. Jana niliingia ghafla na chai nikamkuta anarusha nyama yake dirishani, na shabaha yake si mbaya. Nimekuandikia hapo mwanzo kwamba anakula kidogo. Anakula kidogo kwa sababu wanakula wawili.

Walipomkata mguu sikuyaona machozi yake. Alipozinduka aliuliza kama chujio limesafishwa. Lakini Alhamisi, Baba mdogo alipokuja kusema kwamba daktari wa mifugo amethibitisha siku, Baba aliitikia "Sawa," akaomba ajifunike shuka, na chini ya shuka nikaona mabega yanatikisika. Baba mdogo alidhani ni maumivu ya kidonda. Akaniambia niongeze dawa.

Sikuandikii haya ili ujipige kifua, mdogo wangu. Nakujua. Sasa hivi umeshaiweka barua mezani na kuinuka, unazunguka chumbani. Rudi ukae. Mkoba ni mzuri, tena ningeutumia mwenyewe, kwa bakuli la mbwa na chakula chake, vitu ambavyo vikipotea hakuna anayekufa. Ulituma zawadi kwa mapenzi na ikapokewa kwa mapenzi. Aliyehamisha kopo kutoka shingoni mwake ni mtu mzima aliyezijua sheria kuliko yeyote, na yeye mwenyewe anakubali hivyo. Angeununua mkoba ule dukani asingethubutu kufanya hilo, na asingeuacha mkono wake utoke kwenye bomba kwa ajili ya kitu cha dukani. Nimeliwaza hili usiku na mchana na bado sijui kama nimkasirikie au nimkumbatie. Kwa hiyo nambadilishia bendeji.

Nitakuambia ninachokuomba, na si kirefu.

Mpigie Baba mdogo mara tu utakapomaliza kusoma. Mwambie umebadili nia, mbwa abaki. Atataka sababu, unajua alivyo, hakuna jambo analolipokea bila kuhojiana nalo. Mwambie binti yako amelia. Mwambie mkeo amekugombeza. Mwambie lolote utakalo, ila mkoba usiutaje, na barua hii usiitaje.

Halafu omba uongee na Baba. Nitahakikisha niko pale karibu na meza. Usimwombe msamaha, na sauti yako isitetemeke. Muulize anaendeleaje. Mwambie ukija unataka kumkuta Bwana Afya ndani, si stoo. Na kama atakuambia tena kwamba mkoba ule ndio uliomwokoa, itikia. Mwambie umefurahi kwamba ulimfaa. Najua maneno hayo yatakukwama kooni, lakini yatoe. Alikuwa tayari mbwa wake auawe chini ya dirisha lake ili wewe usijue. Mbwa tunaweza kumrudishia. Na aendelee kuamini kwamba hujui, maana hilo ndilo lililomgharimu kuliko mguu.

Msalimie sana wifi yangu, na umwambie zile soksi alizozituma, Baba anavaa moja na ya pili ameniambia nimtunzie, huwezi kujua. Mbusu yule binti mng'oa vichwa. Fundi cherehani anawasalimu, na Baba mdogo pia angewasalimu kama angejua naandika. Mungu awafunike huko mliko, awape usingizi mzuri, na akuondolee hicho kikohozi moja kwa moja.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukinikatia simu.